Mdudu Aliyekwama Mlangoni

Desemba iliyopita jirani yangu alichinja bata wawili wa Krismasi, nikamwomba asitupe manyoya ya pale juu ya mkia, yale yanayozunguka kitezi cha mafuta. Akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni ya kazi. Akaniachia ninyonyoe mwenyewe, kwa kuwa hakuelewa ni yapi hasa ninayoyataka, na kweli si rahisi kuelewa. Ni madogo, marefu kiasi cha kiungo kimoja cha kidole, laini kama moshi, na bata mmoja hatoi hata ya kujaza kiganja. Ukiyalowesha yanajikunyata yakawa kama uzi. Ukiyakausha kwa leso na kuyapuliza yanafumka upya. Bata huchota mafuta ya tezi ile kwa mdomo akajipaka mwili mzima, ndiyo maana hutoka majini mkavu. Wafaransa wameyaita manyoya haya makalio ya bata, na huko kwenye milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, wavuvi wameyafunga kwenye ndoana kwa takriban miaka 100.

Mimi nayatumia kutengeneza bawa la mdudu ambaye hajamaliza kuzaliwa.

Nafunga flai. Kwa msomaji ambaye hajakutana na neno hili, flai ni ndoana ndogo iliyovikwa uzi, manyoya na nywele mpaka ifanane na mdudu, nayo huvuliwa trauti, samaki wa maji ya baridi. Kazi hii iko Kenya tangu zama za ukoloni, na flai tunazofunga karibu zote huenda nje: Uingereza, Marekani, nchi za Skandinavia. Mvuvi akisimama kwenye mto wa Scotland na kisanduku chake kifuani, huenda kilichomo ndani kilipita mikononi mwa mama wa Nairobi au wa Nyeri. Wengi wetu ni wanawake. Wengi wetu pia hatujawahi kumwona trauti akiwa hai, na kwa miaka minane mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilianza nikiwa na miaka 19, kwenye karakana moja jijini Nairobi, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na meza zilizoelekezwa kwenye mwanga. Kila meza ilikuwa na jiliwa dogo la kubania ndoana, taa, mkasi wenye ncha kama sindano, na bobini ya uzi mwembamba kama unywele. Aliyenifundisha tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Siku tatu za kwanza hakunipa hata nyoya moja. Nilizungusha uzi kwenye ndoana tupu, nikaufumua, nikauzungusha tena. "Usikilize uzi," alisema. "Kabla haujakatika hukuambia." Na kweli hukuambia: ukikaribia ukomo wake unatetemeka kwenye ncha ya bobini, na kidole huupata mtetemo huo kabla ya sikio. Hata leo nikifunga siutazami uzi, natazama kile kinachofungwa.

Tulilipwa kwa dazeni. Mwezi wa kwanza nilimaliza dazeni 2 kwa siku, nusu zikakataliwa. Mwaka wa pili nilifika dazeni 10. Mikono ilikuwa ndiyo mtaji: mchana hatukujipaka mafuta kwa sababu yanachafua manyoya, na usiku nilisugua vidole kwa sukari na mafuta ya kupikia, maana ngozi iliyokwaruzika hunasa uzi na kuuchana. Namba za ndoana nazo zinakwenda kinyume na mtu anavyotarajia. Namba 12 ni kubwa, namba 16 ni ndogo, na namba 20 unaweza kuipoteza kwenye mkunjo wa kiganja chako mwenyewe.

Kisha ikaja oda ya imaja. Neno limetoka kwenye Kiingereza, maana yake yule anayeibuka. Sampuli ilikuja imechomekwa kwenye kadi, pamoja na karatasi ya vipimo. Niliitazama nikaona ni kazi ya mtu mvivu. Tumbo jembamba. Mahali pa mkia pana nyuzi chache za kahawia zilizochakaa. Bawa limelalia mbele kama paa lililoinuliwa na upepo. Sisi tulikuwa tumezoeshwa usafi: mkia ulionyooka, mwili uliojaa, bawa lililosimama wima. Basi nikaiboresha. Niliongeza nyoya la tatu na la nne kwenye bawa nikalisimamisha, nikanenepesha tumbo, nikaunyoosha mkia. Nilifanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anayempakulia mgeni chakula hadi sahani ifurike.

Oda ya wiki nzima ilirudi. Karatasi ilikuwa na maneno mawili tu: nene mno. Fedha zikakatwa kwenye malipo yetu, na hakuna aliyetueleza ni nene kwa nani, wala kwa nini wembamba una thamani kuliko unene. Waswahili husema asiyejua maana haambiwi maana. Sisi hatukuambiwa maana, na tukatakiwa tuwe tunaijua.

Mjomba wangu anaishi karibu na mto Thego, upande wa Nyeri, chini ya Mlima Kenya. Ujanani aliwahi kufanya kazi katika kituo cha kuzalisha trauti cha Kiganjo, kituo kilichoanzishwa mwaka 1948, akilisha vifaranga vya samaki na kusafisha mabwawa. Baadaye akawa anawasindikiza wavuvi mtoni. Nilikwenda kumsalimia Januari, mvua za vuli zimekwisha, maji yameng'aa hadi unahesabu mawe ya chini. Baada ya chai akauliza kazi ninayofanya huko Nairobi ni ipi hasa. Nikamtolea kisanduku changu.

Aliziangalia moja moja, akiziinua kwenye mwanga wa mlango.

"Hizi umefunga wewe, mwanangu?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Mkono wako ni mzuri. Na hii inaiga nini?" Alikuwa ameshika imaja yangu, ile iliyoboreshwa.

"Mdudu."

"Mdudu gani? Anafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Akachukua chupa tupu ya jemu na kichujio cha chai, akaniambia nivae viatu.

Kabla sijafika mtoni niseme neno kuhusu samaki mwenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani trauti ni wa mlima tangu dunia iumbwe. Si hivyo. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven huko Scotland, yakatiwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905. Aliyeyaleta ni mlowezi Ewart Grogan. Msomaji wa Nairobi analijua jina hilo hata kama hajui ni la nani, kwani Barabara ya Kirinyaga iliitwa Grogan Road, na mpaka leo ukitafuta spea za gari utaambiwa nenda Grogan. Ni Grogan huyohuyo ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi. Siwezi kuisimulia mito hii nikaliruka hilo. Walowezi walitaka mlima wetu ufanane na kwao, na samaki ni sehemu ya samani walizokuja nazo. Shosho wangu hakula samaki maisha yake yote. Wakikuyu wa zamani hawakumhesabu samaki kuwa chakula. Na bado trauti hakuchagua nani ambebe. Amezaliwa humu kizazi baada ya kizazi, anakula wadudu wa humu, na wadudu hao hawakuletwa na mtu.

Tulishuka hadi pale Thego inapotulia kidogo baada ya kupita kwenye mawe. Mjomba akaingia maji ya magoti, akainua jiwe na kuligeuza. Upande wa chini ulikuwa hai. Viumbe vidogo vya rangi ya zeituni, bapa, vilikimbia kutafuta kivuli, kila kimoja na mikia myembamba nyuma na matamvua ya kupumulia ubavuni. "Hawa ndio watoto," akasema. Kiswahili cha vitabuni huwaita tunutu. Wakubwa wao kwa Kiingereza ni meiflai, nzi wa mwezi wa Mei, kwa sababu huko Uingereza yule mkubwa zaidi huanza kuibuka mwezi huo. Kwetu Mei ni masika, na Thego ina rangi ya chai ya maziwa. Hapa kwenye ikweta wadudu hawa hawangoji mwezi. Huibuka kidogo kidogo mwaka mzima, leo 20, kesho 50, saa joto linapowafaa. Wanasayansi wamewapa jina la Kigiriki, Ephemeroptera, kwa maana ya mabawa ya siku moja.

Jina hilo ni la kweli kwa maisha ya juu tu. Tunutu huishi majini kwa majuma au miezi, wengine mwaka na zaidi, wakikwangua ukungu wa kijani kwenye mawe. Siku inapowadia huogelea kwenda juu. Na juu kuna kizuizi ambacho sisi tulio wakubwa hatukioni kamwe, ngozi ya maji. Kwa mdudu wa uzito ule, uso wa maji ni kama turubai lililokazwa. Inambidi aning'inie chini yake, apasue gamba lake mgongoni, kisha ajivute kupitia ufa huo hadi upande wa hewa, mabawa yakiwa bado yamekunjamana na kulowa. Akifanikiwa husimama juu ya gamba alilolivua kama mtu juu ya mtumbwi, akingoja mabawa yanyooke kama tanga. Kisha huruka hadi kichakani. Huko, na hili bado linanishangaza kila nikilitafakari, anajivua gamba mara nyingine tena, mabawa pamoja. Katika wadudu wote walio hai duniani, ni hawa peke yao wanaojivua gamba wakiwa tayari wana mabawa. Baada ya hapo hana haja ya chakula, mdomo wake haufanyi kazi. Hupandana, hutaga majini, hufa.

Wale wa Ziwa Victoria wana jambo lingine. Yuko mmoja, Povilla adusta, ambaye tunutu wake hutoboa mbao za majini na kuishi humo. Mwaka 1955 mtafiti aitwaye Hartland-Rowe alieleza katika jarida la Nature kwamba hawa huibuka kwa kufuata mwezi: kundi kubwa hutoka karibu na mwezi mpevu. Nimemwuliza rafiki yangu mvuvi wa Homa Bay, akaniambia hilo kwake si jipya.

Narudi Thego. Mjomba alishika kichujio cha chai kwenye mkondo, nusu ndani ya maji nusu nje, akasubiri kama dakika kumi. Alichopata akakitumbukiza kwenye chupa ya jemu yenye maji ya mto. Tukakaa kwenye jiwe. Akaiinua chupa juu kidogo ya macho yangu ili nitazame uso wa maji kwa chini, kama samaki anavyoutazama.

Kulikuwa na mdudu mmoja aliyekwama. Tumbo lake lilining'inia kwa mshazari chini ya maji, jembamba kuliko njiti ya kiberiti, na nyuma yake gamba likiburuta, tupu, linapitisha mwanga, limekunjamana kama soksi iliyovuliwa nusu. Mgongo umepasuka. Kutoka kwenye ule ufa kilikuwa kimechomoza kifurushi kidogo cha mabawa ya kijivu, kimelalia mbele, na hicho peke yake ndicho kilichogusa hewa. Miguu ilisukuma, ikapumzika, ikasukuma tena.

Mjomba akachukua imaja yangu akaidondosha kando yake. Ilikaa juu kabisa, kavu, imejaa, kama kifaranga kilichovimba kwa baridi. Hakuna sehemu yake hata moja iliyoingia chini. Kwa samaki anayetazama kutoka chini, ile haikuwa mdudu anayeibuka. Haikuwa mdudu yeyote.

Nilikaa na chupa ile muda mrefu. Nene mno. Nyuzi zile zilizochakaa zilikuwa gamba. Paa lile lililoinuliwa na upepo lilikuwa bawa linalozaliwa. Aliyefunga sampuli ile alikuwa amemtazama huyu mdudu kwa subira kubwa sana, nami nilikuwa nimemwita mvivu.

Kuhusu kwa nini trauti anampenda aliyekwama kuliko wengine wote, Mjomba alieleza kwa maneno machache: tunutu anakimbia, mwenye mabawa anaruka, huyu hawezi lolote. Samaki hupanda taratibu, hana haja ya kuharakisha. Ukitazama vizuri utaona mgongo na pezi vinapasua maji bila kishindo, na mara nyingi hakibaki hata kiputo. Anayemeza mdudu aliye juu ya maji humeza na hewa, kisha huitoa kama kiputo. Wavuvi wa Kiingereza waligombana sana juu ya mambo haya. Wafuasi wa Frederic Halford walishikilia kwamba flai halali ni ile inayoelea tu. G.E.M. Skues, mwanasheria aliyevua mto Itchen, aliwaonyesha kwamba samaki wengi wanaoonekana kula juu kwa kweli wanakula chini kidogo ya juu. Mabishano hayo yalifika hadi mkutano wa klabu yao London mwaka 1938. Nikifikiria wazee wale wenye tai wakibishania upana wa unywele mmoja wa maji, nawaelewa. Unywele huo ndio kazi yangu.

Sasa nieleze ninavyoifunga siku hizi, nyumbani, kwenye meza ya dirishani.

Nachukua ndoana iliyopinda, namba 16, naminya kijino chake kwa koleo ili samaki atolewe bila kuchanwa. Naibana kwenye jiliwa. Uzi ni wa rangi ya zeituni. Nauanzia nyuma kidogo ya tundu na kuuteremsha hadi uvuke mkunjo, mizunguko ikae bega kwa bega, isipandane. Umbo la ndoana ndilo linalofanya tumbo lining'inie; mkia usipoanzia ndani ya mkunjo, mdudu atalala juu ya maji kama jani na kazi yote itakuwa bure.

Kwa gamba naweka nyuzi chache za nailoni ya kahawia yenye kung'aa, nne au tano, zisifike urefu wa shina la ndoana. Sizinyooshi. Nazikwangua kwa sindano zifumke kidogo, kwa sababu gamba tupu halina mstari ulionyooka. Mkono wangu ulikataa hili kwa miezi. Kila nilipomaliza, vidole vilirudi vyenyewe kulainisha.

Tumbo nalifunga kwa nyuzi tatu za mkia wa fesanti, ndege wa ng'ambo mwenye manyoya ya rangi ya shaba, nikizizungusha kwenda mbele hadi theluthi mbili ya shina. Zina vinyweleo vidogo vinavyofanana sana na matamvua ya tunutu. Ubaya wake ni kwamba meno ya trauti huzikata haraka, kwa hiyo nazungushia waya mwembamba wa shaba kwa upande wa kinyume, mizunguko minne, uzishike zote. Waya huo pia unalizamisha tumbo kidogo, na ndicho tunachotaka. Nusu izame, nusu isizame.

Halafu bawa. Nachukua manyoya mawili ya makalio ya bata, mawili tu, nayalinganisha ncha kwa ncha, nayalaza mbele juu ya tundu la ndoana na kuyafunga kwa mizunguko mitatu ya kukaza. Uzi unapokaza bawa ndipo sauti ya Mwalimu hunirudia, maana manyoya haya ni mepesi mno hivi kwamba uzi uliolegea huyaacha yazunguke shina, na uliokazwa kupita kiasi huyakata. Siyakati ncha kwa mkasi. Mkasi huacha ukingo mnyoofu, na kwenye mdudu yule hakuna ukingo. Yakiwa marefu nayachuna kwa ukucha.

Nyuma ya bawa nasokota kwenye uzi manyoya ya uso wa sungura pori, kidogo sana, kiasi ambacho ukikipuliza kitatoweka. Nazungusha mara mbili au tatu, mzunguko mmoja ukipita mbele ya bawa na kulisukuma liinuke nusu, lisisimame. Hicho ndicho kifua kilichopasuka. Nywele chache hubaki zimetokeza kando, hizo ni miguu. Nafunga fundo la kumalizia nyuma ya tundu, mizunguko minne, na vanishi naipaka kwenye uzi kabla ya fundo, si baada yake, kwa kuwa tone moja likigusa manyoya ya bata yanalinyonya lote na bawa limekufa.

Kuna njia nyingine nyingi. Rim Chung wa Colorado alitengeneza yake kwa vitu vichache sana, nywele za mkia, manyoya ya biva, mnyama wa mtoni, yaliyosokotwa na kibawa kifupi, ikaitwa RS2, na bado inavua. Mwaka 1984, kwenye mto Glomma huko Norwei, Mholanzi Hans van Klinken alifunga flai ambayo tumbo lake linazama kabisa na nguzo yake nyeupe inabaki juu ili mvuvi aione. Ni ile inayojulikana kama Klinkhåmer. Nilikuwa nimefunga maelfu ya hizo karakanani nikijiuliza kwa nini nguzo iwe nyeupe wakati hakuna mdudu mweupe. Nguzo ni ya macho ya mtu. Samaki anaona tumbo. Sentensi moja kama hiyo ingetubadilishia kazi nzima, na ilikuwa haigharimu chochote kuitamka.

Nasema hivi bila chuki. Niliporudi karakanani baada ya ile Januari nilikwenda na chupa ya jemu yenye maji ya bomba, nikaiweka kwenye meza yangu, nikamwita Mwalimu na wenzangu wa mstari wetu. Tulidondosha ndani flai ya sampuli na flai yangu ya zamani, tukainama kutazama kwa chini, mmoja mmoja. Mwalimu alitazama mara mbili. Alikuwa na zaidi ya miaka 20 kwenye kazi ile. Akasema polepole, "Kumbe inazama," kisha akarudi mezani kwake, akakata flai aliyokuwa ameianza, akaanza upya. Imaja za mstari wetu hazikurudi tena. Chupa ile ilikaa pale hadi nilipoacha kazi, na nasikia bado ipo.

Siku hizi nafunga kwa oda ndogo ndogo, na mara tatu au nne kwa mwaka napanda Nyeri. Mjomba alinifundisha kurusha mshipi kwenye nyasi kabla ya kuniruhusu majini. Nina mkono mzito bado, lakini Thego ni mto mwembamba, hauhitaji kurusha mbali. Unahitaji kupiga magoti.

Agosti iliyopita tulikuwa pale palepale chini ya mawe. Kulikuwa na baridi na mawingu mazito, na wadudu wachache wa kijivu walikuwa wakielea na mabawa yao wima. Trauti mmoja aliwaacha wote wakapita. Alikuwa anapanda mahali pamoja, kando ya mzizi uliozama, mgongo unaonekana, pezi linaonekana, kisha kimya. Nikafunga imaja ya bata wa jirani. Mara mbili niliirusha nje ya njia yake. Mara ya tatu ikatua hatua moja mbele yake, upande maji yanakotoka, nikaona kifurushi cha kijivu kinateremka na mkondo, tumbo halionekani, na nilijua tumbo liko wapi kwa kuwa ni mimi niliyelining'iniza. Maji yakainuka kidogo pale kilipokuwa. Hapakuwa na kishindo.

Alikuwa trauti wa kahawia, hakuzidi shubiri moja na nusu, mwenye madoa mekundu yaliyozungukwa na weupe, kila doa limekaa mahali pake kama limewekwa kwa ncha ya sindano. Ndoana ilikuwa kwenye pembe ya mdomo. Mjomba akamshika chini ya maji kwa mkono uliolowa, nikaitoa, akamfungulia vidole, akakaa pale kidogo akipumua, kisha hayupo.

Flai ilikuwa imejaa ute. Bawa limelala likawa uzi. Nikaisuuza mtoni, nikaikausha kwa leso, nikaipuliza mara mbili, manyoya yakafumka. Mjomba alikuwa ameshageuka, anatazama kando ya mzizi.

"Mwingine yuko nyuma yake," akasema. "Ngoja apande tena."